Kuuza nyumba kongwe iliyokarabatiwa: je, "inauzwa kama ilivyo" inamtosha muuzaji?

SWALI

Assalaamu alaykum sheikh. Marehemu baba ametuachia nyumba ya mawe na boriti, ya ghorofa moja, Mji Mkongwe Unguja, mtaa wa Kiponda. Mama naye ameshatangulia. Tuko wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, na kaka yangu anaishi Maskati. Miaka mitatu nyuma niliikarabati kwa pesa zangu: plasta ya saruji kwenye kuta za chini, choo kipya ghorofani, dari ya jipsamu na rangi. Fundi alipokuwa akifunga dari alinionesha boriti tatu zimeoza ncha zake ukutani, tukazifunika. Sasa chumvi imeanza kutoka kwenye kuta. Tunataka kuuza, na dalali anasema nipake rangi upya, kisha mkataba uandikwe "nyumba inauzwa kama ilivyo", kwani mnunuzi ana macho yake na kila mtu anajua hali ya nyumba kongwe. Je, hilo linaniondolea dhima? Mnunuzi mmoja anataka kutoa arbuni ya milioni 10 ili asubiriwe. Akighairi, ni yangu? Mlango wa kuchonga, tangi la maji na viyoyozi vinakwenda na nyumba? Na pesa za ukarabati nizikate kabla ya kugawana?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wenu na mama yenu.

Hapana, halikuondolei dhima. Unalolijua wewe na mnunuzi halijui, na lau angelijua angepunguza bei au angeondoka, ni wajibu kumwambia kabla ya mkataba. Rangi anayokushauri dalali, ikipakwa ili chumvi isionekane, ni ghushi kamili, yaani udanganyifu katika biashara. Amepokea Ibn Majah kwa Uqba bin Amir kwamba Mtume (s.a.w.) amesema Muislamu ni ndugu wa Muislamu, na si halali kwake kumuuzia nduguye kitu chenye kasoro ila ambainishie. Na katika Bukhari na Muslim, kwa Hakim bin Hizam, muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na wakasema uongo hufutwa baraka yake.

Suala la rangi lina mfano wake katika hadithi ya mnyama aliyezuiliwa maziwa. Mtume (s.a.w.) alikataza kuwaacha ngamia na kondoo siku kadhaa bila kukamwa ili chuchu zijae na mnunuzi adhani ni wa maziwa mengi, akampa aliyenunua hiari baada ya kukama: abaki naye, au amrudishe pamoja na pishi ya tende. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu chake cha fiqhi ya Kishafi, akaliunganisha na hilo kila pambo la kudanganyia, kama kuyazuia maji ya mfereji na kuyaachia wakati wa kuuza ili yaonekane mengi, au kumtia wekundu usoni na weusi nywelani mtumwa anayeuzwa. Yote hayo yanampa mnunuzi hiari ya kurudisha. Ukuta unaotoa chumvi ukipakwa rangi wiki moja kabla ya kuoneshwa hauna tofauti. Kupaka rangi kwenyewe si haramu, watu hupendezesha nyumba zao wakaziuza. Haramu ni rangi iliyopewa kazi ya kuficha.

Sasa hilo neno "kama ilivyo". Madhehebu yetu ya Shafi hapa pana hukumu ambayo madalali wengi hawajaisikia. Rai iliyo dhahiri zaidi, aliyoitaja Nawawi, ni kwamba muuzaji akishurutisha kutohusika na kasoro, sharti hilo humwokoa katika jambo moja tu: kasoro ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Kasoro aliyoijua haimo. Kasoro ya kitu kisicho mnyama, na nyumba ndiyo hiyo, haimo hata kama hakuijua. Sababu ni kwamba mnyama anakula na kutembea huku maradhi yakibadilika ndani yake bila mwenyewe kuona, ilhali boriti na ukuta hukagulika. Msingi wake ni kisa kilichomo katika Muwatta, kitabu cha hadithi cha Imam Malik: Abdullah bin Umar alimuuza mtumwa kwa dirham 800 kwa sharti hilo, mnunuzi akalalamika kuwa ana maradhi, wakafika kwa khalifa Uthman. Uthman akamtaka Ibn Umar aape kwamba alimuuza bila kujua maradhi hayo. Ibn Umar hakuapa. Akarudishiwa mtumwa wake, na baadaye akamuuza kwa dirham 1,500.

Wahanafi wanalipokea sharti la jumla, lakini hata kwao kuficha unachokijua kunabaki kuwa dhambi. Kwa hiyo usiifanye tofauti hiyo ya madhehebu kuwa mlango wa kutokea.

Tena haitoshi kutaja kwa jumla kwamba "nyumba ina matatizo ya hapa na pale". Kasoro isiyoonekana kwa jicho inatosha kuitaja. Kasoro inayoonekana sharti ioneshwe pahali pake na kiasi chake. Maana yake kwako ni ya kazi hasa: fungua dari. Kata jipsamu pale zilipo boriti tatu, mnunuzi apande ngazi azione, ndipo aamue. Gharama ya kuziba tena ni ndogo. Kisha iandikwe karatasi ifuatane na mkataba, na iandikwe kwa namna hii: "Chumba cha kati chini, boriti ya 2, ya 5 na ya 6 kuhesabu kutoka dirishani, zimeoza ncha upande wa ukuta wa magharibi, urefu wa kiganja kimoja. Mnunuzi ameziona tarehe fulani mbele ya fulani na fulani." Qur'ani katika aya ya 282 ya Suratul Baqara imeelekeza kushuhudisha tunapouziana. Karatasi kama hiyo inamlinda muuzaji kuliko maneno matatu ya dalali, kwa sababu mnunuzi aliyeiona kasoro na akaridhia hana tena hiari juu yake.

Dalali ana nusu ya ukweli katika kauli yake kwamba nyumba kongwe inajulikana. Kasoro kwa mafakihi (wanazuoni wa sheria ya Kiislamu) ni kinachopunguza kitu chenyewe au thamani yake kiasi cha kumkosesha mtu lengo sahihi, *ikiwa aghlabu ya aina yake haina kitu hicho*. Kwa hiyo kuta za matumbawe zilizopinda, sakafu isiyo sawa, ngazi iliyosimama wima na vyumba vyembamba (boriti haivuki zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba) si kasoro. Ndiyo aina yake, na mnunuzi hana la kudai. Boriti iliyooza ncha ni kitu kingine: inabeba sakafu, na juu ya sakafu hiyo umeongeza choo. Ghorofa au chumba kilichoongezwa bila kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe ni kasoro, kwani mnunuzi anaweza kuamriwa akibomoe. Hali kadhalika umeme uliounganishwa kienyeji, deni la maji, ugomvi wa ukuta wa pamoja na jirani, na karo linalofurika wakati wa masika.

Mafakihi wa Kishafi walipanua sana hapa. Wamehesabu kuwa ni kasoro nyumba kuwa jirani na madobi wanaopondaponda nguo kwa kishindo, au kuzoeleka kuwa mahali pa kufikia askari, au kuenea habari kwamba ni wakfu. Wa baadaye wakataja hata majini wanaowatupia mawe wakaaji. Basi na wewe, kama nyuma ya nyumba pana baa inayopiga muziki hadi saa nane za usiku, usimlete mnunuzi saa nne asubuhi tu.

Hiyo habari ya wakfu isikupite. Mji Mkongwe una nyumba nyingi za wakfu, na nyingine ni wakfu wa ukoo uliosahaulika na kubaki midomoni mwa wazee. Wakfu hauuzwi. Kabla ya kumtafuta mnunuzi, hakikisheni kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwamba nyumba haimo katika daftari lao, na mirathi yenyewe ithibitishwe.

Kwa upande wa kuta na boriti, una njia mbili: useme uuze, au utengeneze kikweli uuze. Ukichagua kutengeneza, jua kwanza kilichoharibu. Nyumba hizi zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, na ukuta wake hunyonya maji ya ardhini na kuyatoa kwa uso wake. Chokaa huyapitisha. Plasta ya saruji huyazuia, basi hupanda juu zaidi na chumvi yake, husukuma plasta, na mengine huishia kwenye ncha za boriti zilizochomekwa ukutani. Ndiyo maana ukarabati uliofanywa kwa nia njema unaweza kuwa wenyewe ndio kasoro, na hilo pia ni la kubainisha: "kuta hizi zina plasta ya saruji, ya mwaka fulani." Gonga kwa kifundo cha kidole, penye sauti ya uwazi plasta imeshaachana na mawe. Dawa yake ni kuibandua saruji yote hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu, kuuacha ukuta ukauke miezi kadhaa (anza baada ya masika, si kabla), kuipiga chumvi brashi kavu bila kuiosha kwa maji, kisha kupiga plasta ya chokaa iliyolowekwa wiki kadhaa, sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3, kwa tabaka nyembamba za kama sentimita 1, kila moja ikipewa muda wa kukauka. Juu yake ipakwe chokaa, si rangi ya mafuta. Mwenye haraka ya wiki mbili hawezi kazi hii. Huyo aseme kasoro na apunguze bei.

Boriti hupimwa kwa bisibisi, karibu kabisa na ukuta, kwa sababu katikati inaweza kuwa ngumu na ncha ikawa unga. Bisibisi ikizama sentimita moja au zaidi kwa nguvu ya mkono, hiyo haibebi tena. Angalia na vijia vya mchwa vya udongo. Iliyooza ibadilishwe nzima kwa boriti mpya iliyokatwa kwa kibali, na sakafu iegemezwe kwanza kabla ya kuitoa ya zamani. Ncha mpya iachiwe nafasi ya hewa ukutani, isizibwe kwa saruji. Choo cha juu nacho kipimwe, ila baada ya boriti kukaguliwa: ziba tundu la maji, jaza sakafu sentimita 2 tu, acha siku nzima, kisha tazama chini yake. Sakafu ya mita nne za mraba kwa kina hicho ni lita 80, yaani kilo 80. Ukijaza zaidi unaielemea sakafu unayoishuku.

Nalisisitiza hili la boriti kwa sababu si la bei peke yake. Disemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Mwenye kujua kwamba sakafu imelegea akanyamaza ameingia katika jambo kubwa kuliko ghushi ya mali.

Na ukinyamaza, nini haki ya mnunuzi? Mauzo yenyewe ni sahihi pamoja na dhambi, lakini ana hiari ya kurudisha nyumba na kuchukua pesa zake. Kwa Shafi hiari hii ni ya papo hapo: akigundua adai kwa kawaida ya watu. Akigundua usiku hungoja asubuhi, akiwa anakula au anasali humaliza. Akiendelea kuitumia nyumba kama aliyeridhika, haki humtoka. Kwa Wahanbali na Wahanafi hana haraka hiyo. Wala usidhani kwamba boriti ikianguka miezi miwili baada ya kukabidhi utasema "imeharibikia mikononi mwako". Kasoro iliyotokea baada ya makabidhiano kwa sababu iliyokuwepo kabla, ni ya muuzaji. Kodi aliyokwisha pokea mnunuzi katika miezi hiyo ni yake, hairudishi, kwani Mtume (s.a.w.) amehukumu kuwa pato ni la yule aliyebeba dhamana.

Ikiwa mnunuzi ameshaleta kasoro yake mwenyewe, mathalani amebomoa ukuta wa ndani, basi hakulazimishi kuipokea nyumba hivyo, bali hulipwa fidia ya kasoro ya zamani. Hesabu yake inakosewa sana: hatutoi tofauti ya thamani, tunatoa *uwiano* wake katika bei. Nyumba ikiwa nzima ingethaminiwa milioni 250, na kwa kasoro hiyo milioni 200, upungufu ni moja ya tano. Bei mliyouziana ikiwa milioni 240, fidia ni moja ya tano yake, milioni 48, na si milioni 50.

Pesa za ukarabati. Kama ulikarabati kwa makubaliano na ndugu zako kwamba utarejeshewa, hiyo ni deni na hutolewa kwanza. Kama ulifanya bila idhini wala makubaliano, umejitolea, na huwezi kulikata fungu la dada zako kwa jambo walilosikia baada ya kwisha. Wakiridhia wakubwa wenye akili zao, kwa hiari na bila kukuonea haya, ni hisani yao. Bei hugawanywa mafungu 6: kila mwanamume 2, kila mwanamke 1. Katika milioni 240 ni milioni 80 kwa kila kaka na milioni 40 kwa kila dada. Kaka wa Maskati atoe uwakala wa maandishi unaotaja kuuza, kiwango cha chini cha bei na kupokea pesa. Ujumbe wa sauti wa "fanyeni tu" huzaa kesi. Mmoja wenu akitaka kuuza fungu lake peke yake kwa mtu wa nje, nyinyi wengine mna haki ya shufaa, yaani kulichukua kwa bei ileile. Jirani hana shufaa kwa Shafi, ingawa kumuuliza kwanza ni adabu nzuri. Swahaba Abu Rafi', kama alivyopokea Bukhari, alikataa dinari 500 taslimu akamuuzia Sa'd bin Abi Waqqas vyumba vyake viwili kwa dirham 4,000 za kulipwa kidogo kidogo, kwa sababu ya haki ya ujirani.

Kinachoingia katika mauzo ya nyumba bila kutajwa ni ardhi, majengo yote pamoja na bafu, milango iliyosimikwa na pete zake, rafu na ngazi zilizopigiliwa misumari, na ufunguo wa kufuli lililokazwa mlangoni. Kinachohamishika hakiingii; mafakihi walitaja ndoo, kapi na kitanda. Mlango wenu wa kuchonga umo. Ukitaka kubaki nao, useme kabla ya mkataba, na uulize kwanza Mamlaka, kwani milango ile haing'olewi kiholela. Tangi lililojengewa limo, la plastiki lililokaa tu juu ya dari halimo. Viyoyozi vilivyofungwa ukutani vinafanana zaidi na rafu za misumari, lakini desturi inagongana hapa, basi viandikwe kimoja kimoja.

Arbuni, kwamba mnunuzi akighairi pesa ziwe zako bure, Shafi na wanazuoni walio wengi hawaijuzishi. Imam Ahmad ameijuzisha, akitegemea kwamba Nafi' bin Abdul Harith, gavana wa khalifa Umar huko Makka, alinunua nyumba ya Safwan bin Umayya iwe jela, kwa sharti kwamba Umar asiporidhia Safwan apate 400. Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, baraza la wanazuoni wa nchi mbalimbali, ilipokutana Brunei mwaka 1993 ikaichukua rai hiyo, kwa sharti muda wa kungoja uwekwe mpaka. Mwenye kuifuata hana lawama. Andikeni tarehe ya mwisho. Pia andikeni kwamba akiondoka kwa sababu ya kasoro mliyomficha, arbuni inarudi yote. Hapo aliyevunja ni nyinyi.

Kuhusu dalali: wanazuoni wamesema hata asiye muuzaji, akiijua kasoro, ni wajibu amwambie mnunuzi. Ujira wake ni halali kwa kazi yake, uwe umejulikana tangu mwanzo. "Cha juu" anachokiongeza bila nyinyi kujua si chake. Na asiseme "kuna Mwarabu ameshafika milioni 260" kama hayupo, wala wewe usiseme umetumia milioni 60 kukarabati ilhali ni 35. Kutaja ulichotumia si lazima. Ukitaja, iwe kweli.

Wallahu aalam.